Kurekebisha na kutunza gia za baiskeli yako nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara mtu anapoamua kushika bisibisi mwenyewe badala ya kupeleka baiskeli kwa fundi kila gia inapokwaruza. Ukisoma majibu mawili tu, soma la "Gia zimeanza kuruka, nianzie wapi?" na la nati ya vidole. Matatizo mengi ya gia huishia hapo.

## Mambo ya mwanzo

Direla ni kitu gani, na inafanyaje kazi?

Ni ile mashine ndogo inayoning'inia karibu na ekseli ya nyuma, yenye vigurudumu viwili vya meno ambavyo mnyororo hupitia. Ina kazi mbili. Kwanza, huusukuma mnyororo huku au kule ili upande kwenye sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) nyingine. Pili, huuvuta ule urefu unaobaki ili mnyororo usilegee ukiwa kwenye sproketi ndogo.

Shika jambo hili, kwa sababu majibu mengi hapa chini yanaliegemea: springi iliyo ndani ya direla wakati wote inataka kuupeleka mnyororo kwenye sproketi ndogo, na waya ndio unaoizuia. Liva (kishikio cha kubadilishia gia) ikivuta waya, mnyororo unapanda kwenye sproketi kubwa. Liva ikiuachia, springi inaushusha. Ndiyo maana gia inayokataa kupanda haina ugonjwa mmoja na gia inayokataa kushuka. Zipo direla chache zilizotengenezwa kinyume, lakini ni nadra kukutana nazo.

Watu wakisema "gia kubwa" wanamaanisha ipi?

Inategemea nani anasema, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Ukurasa huu unatumia "gia nzito" na "gia nyepesi", kwa kuwa miguu haidanganyi. Nyuma, sproketi ndogo ndiyo gia nzito na sproketi kubwa ndiyo nyepesi. Mbele ni kinyume chake.

Mfano: mbele meno 44 na nyuma meno 11, pedeli zikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 4. Hiyo ni ya tambarare na mteremko. Mbele meno 22 na nyuma 32, mzunguko mmoja wa pedeli hauliondoi gurudumu hata robo tatu ya mzunguko wake. Hiyo ni ya mlima.

Nahitaji vifaa gani?

Vichache kuliko unavyodhani. Spana ya L ya milimita 5, na ya milimita 4 kwa baiskeli nyingine, bisibisi ndogo ya nyota, koleo, brashi ya meno iliyochakaa, matambara, rula yenye milimita, na chupa ya mafuta ya mnyororo. Kikata waya kikali na kifaa cha kutoa pini za mnyororo utavihitaji siku ya kubadilisha waya au mnyororo, si leo.

Sina stendi. Nitazungushaje pedeli huku nikibadilisha gia?

Ining'inize baiskeli. Kamba moja chini ya pua ya kiti na nyingine kwenye usukani, zote zifungwe juu kwenye boriti au tawi imara, na gurudumu la nyuma linakuwa hewani.

Wengi huigeuza baiskeli juu chini. Inafaa kwa kazi nyingine, lakini kwa gia ina kasoro mbili: usukani ukiugusa sakafu unaweza kubana au kupinda waya, ukarekebisha gia ambazo zitabadilika tena ukiisimamisha, na wewe mwenyewe unaona kila kitu kichwa chini, kulia na kushoto vikakuchanganya. Kama huna njia nyingine, hakikisha waya haujabanwa, kisha uhakikishe kazi yako kwa kuiendesha.

Liva yangu hailii "tak" kwa kila gia, inateleza tu. Imeharibika?

Huenda ndivyo ilivyoundwa. Liva za zamani zilishikilia waya kwa msuguano tu, na mwendeshaji ndiye aliyetafuta gia kwa sikio na kidole. Mfumo wa liva inayokwenda kwa hatua, kila "tak" moja gia moja, ulienea baada ya kampuni ya Shimano kuutoa mwaka 1984. Kama ya kwako ni ya msuguano, huna haja ya marekebisho ya nati ya vidole (ile ya kukaza na kulegeza waya, nimeieleza chini). Weka tu mipaka ya H na L (skrubu mbili za direla zinazoizuia isivuke sproketi za mwisho) sawasawa na ukaze skrubu ya liva kiasi kwamba haijirudishi yenyewe. Kama ya kwako ilikuwa inalia na sasa hailii, tatizo ni grisi iliyoganda ndani au kitu kilichovunjika.

## Kabla hujagusa skrubu yoyote

Gia zimeanza kuruka na kukwaruza. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye skrubu za H na L. Hizo hazijigeuzi zenyewe. Kama gia zilikuwa nzuri mwezi uliopita na leo ni mbaya, kuna kitu kingine kilichobadilika, na ukizungusha skrubu unakuwa umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Fuata mpangilio huu. Tazama kama gurudumu la nyuma limekaa vizuri kwenye mianya yake. Gurudumu lililofungwa limeegemea upande hupotosha gia zote, na hili hutokea sana baada ya kuziba pancha. Kisha safisha mnyororo, sproketi na vile vigurudumu viwili. Halafu kagua sikio la fremu, ambalo direla imefungiwa. Halafu waya na maganda yake (mirija inayoufunika). Ukifika hapo na bado kuna tatizo, shika nati ya vidole. H na L ni za mwisho kabisa.

Watu huruka hatua hizi kwa sababu kuzungusha skrubu kunahisi kama kazi na kutazama hakuhisi hivyo. Lakini dakika tano za kutazama huokoa mchana mzima.

Nitajuaje sikio la fremu limepinda?

Simama au chuchumaa nyuma ya baiskeli, jicho moja limefumbwa, macho usawa wa direla. Mnyororo ukiwa kwenye sproketi ya katikati, vigurudumu viwili vya direla vinapaswa kusimama wima chini ya sproketi, kana kwamba mstari mmoja umepigwa kutoka juu hadi chini. Kama kigurudumu cha chini kimeingia kuelekea spoki, sikio limepinda.

Dalili nyingine: ukirekebisha gia nzito zinakuwa nzuri na nyepesi zinaharibika, ukirekebisha nyepesi, nzito zinaharibika. Waya hautibu hilo. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, hata ikiwa imesimama tu, sikio ndilo linalopokea pigo. Kwa baiskeli nyingi limetengenezwa kwa metali laini makusudi, lipinde lenyewe badala ya fremu.

Naweza kulinyoosha mwenyewe?

Kama ni la alumini na linafungwa kwa skrubu, nunua jingine la umbo lilelile. Alumini ikipindwa mara mbili tatu hukatika. Kama fremu ni ya chuma na sikio ni sehemu ya fremu yenyewe, linanyoosheka.

Wapo wanaotumia gurudumu jingine la nyuma kama kipimo. Tundu la sikio kwa kawaida lina uzi wa skrubu wa milimita 10 wenye hatua ya milimita 1, na ekseli nyingi za nyuma zinazofungwa kwa kishikizo cha mkono zina uzi uleule. Unatoa direla, unaingiza ncha ya ekseli ya gurudumu la pili kwenye sikio, kisha unapima umbali kati ya rimu mbili juu, chini, mbele na nyuma. Umbali ukiwa sawa pande zote, sikio limenyooka. Usilazimishe: ekseli za nati za baiskeli za bei nafuu mara nyingi huwa na uzi wa inchi, nazo zitaharibu tundu.

Waya unakaguliwaje?

Weka mnyororo kwenye sproketi kubwa, simamisha gurudumu, kisha bila kuzungusha pedeli bofya liva hadi gia nzito ya mwisho. Waya utalegea, na utaweza kutoa maganda kwenye vishikizo vya fremu na kuyatelezesha. Sasa sukuma na vuta ganda juu ya waya kwa vidole. Linapaswa kuteleza kama uzi kwenye shanga. Ukihisi chembechembe, au ukakwama, kuna kutu au mchanga ndani.

Kisha tazama mahali ambapo kila mtu husahau: ndani ya liva, pale kichwa cha waya kilipokaa. Waya wa gia umesokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, na huanza kukatika hapo kwanza, uzi mmoja mmoja. Fungua kifuniko, mulika kwa tochi. Ukiona uzi mmoja tu umesimama kama unywele, badilisha waya siku hiyo. Waya wa namna hiyo hukufanya uzungushe nati kila wiki ukidhani gia zina kiburi, kumbe waya unarefuka huku ukielekea kukatika.

## Marekebisho yenyewe

Nati ya vidole ni ipi, na niizungushe upande gani?

Ni ile nati yenye mikwaruzo pembeni, unayoizungusha bila spana, pale ganda la waya linapoingia kwenye direla. Baiskeli nyingi zina nyingine kwenye liva. Ukiizungusha kama unayeifungua, inatoka nje, ganda linasukumwa na waya unakazika. Ukiizungusha kama unayeifunga, waya unalegea.

Kanuni ni fupi. Mnyororo unachelewa kupanda kwenye sproketi kubwa: waya umelegea, fungua nati. Mnyororo unachelewa kushuka kwenye sproketi ndogo: waya umekaza mno, funga nati. Unachelewa kote kuwili: waya unakwama ndani ya ganda au sikio limepinda, rudi sehemu iliyotangulia.

Zungusha robo mzunguko kwa wakati mmoja, si zaidi. Na kuna njia ya kuipata vizuri ambayo nimeitumia kwa miaka na sijaona inayoizidi. Weka mnyororo kwenye sproketi ndogo kabisa ya nyuma, bofya mara moja ili upande kwenye ya pili. Endelea kuzungusha pedeli kwa mkono wa kulia, taratibu, huku mkono wa kushoto ukifungua nati kidogo kidogo. Sikiliza. Mwanzoni mnyororo unanong'ona tu. Kisha unaanza kukwaruza, *kra-kra-kra*, kwa kuwa umeanza kugusa sproketi ya tatu. Hapo simama. Sasa funga nati polepole mpaka ule mkwaruzo utoweke, na uache hapo hapo. Gia nyingine zote zitafuata, mradi sikio limenyooka.

Skrubu za H na L ni za nini?

Ni kuta mbili. H inazuia direla isipite sproketi ndogo na kuangukia fremu. L inazuia isipite sproketi kubwa na kuingia kwenye spoki. Hazina kazi yoyote kwenye gia za katikati, kwa hiyo kama tatizo lako liko kwenye gia ya tatu au ya nne, ziache.

Ukikaza skrubu, ukuta unasogea ndani na njia inapungua. Ukilegeza, njia inaongezeka. L ndiyo ya kuheshimu. Nilipokuwa najifunza niliilegeza nikidhani ndiyo inayochelewesha gia. Nikaanza kupanda kilima, nikabofya gia nyepesi ya mwisho, mnyororo ukavuka sproketi kubwa ukadumbukia kati yake na spoki. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka. Direla ikavutwa ndani, sikio likakatika, spoki nne zikapinda. Tangu siku hiyo sijawahi kuendesha baiskeli niliyoigusa L bila kwanza kuisukuma direla kwa mkono kuelekea spoki na kuona kwa macho yangu kwamba inagota.

Nimeshazungusha kila kitu na sijui nilikoanzia. Naanzaje upya?

Vizuri tu, kuanza upya ni rahisi kuliko kubahatisha.

Peleka mnyororo kwenye sproketi ndogo ya nyuma na liva kwenye gia nzito ya mwisho. Mbele, acha mnyororo kwenye sproketi kubwa, au ya katikati kama ziko tatu. Legeza bolti inayobana waya kwenye direla, uachie waya kabisa. Funga nati za vidole zote mpaka mwisho, kisha uzirudishe mzunguko mmoja ili ubaki na nafasi pande zote mbili.

Chuchumaa nyuma. Zungusha H mpaka kigurudumu cha juu cha direla kikae chini ya sproketi ndogo kabisa, sambamba nayo, au kikitokeza nje kwa unywele. Zungusha pedeli; pasiwe na mkwaruzo.

Sasa, waya ukiwa bado haujafungwa, zungusha pedeli kwa mkono mmoja na kwa mwingine sukuma direla ndani mpaka mnyororo upande kwenye sproketi kubwa kabisa. Hapo unaweka L: kigurudumu cha juu kiwe chini ya sproketi kubwa sawasawa, na ukisukuma zaidi kisiende. Angalia vidole vyako na spoki.

Rudisha direla kwenye sproketi ndogo, vuta waya kwa mkono au koleo uondoe ulegevu tu, usiuvute kwa nguvu, kisha kaza bolti. Waya ukae kwenye ule mfereji wake mdogo kando ya bolti. Ukikaa upande usio wake, hatua za liva hazitalingana na sproketi. Malizia kwa njia ya nati ya vidole niliyoeleza hapo juu.

Kuna skrubu ya tatu, haina H wala L. Niiguse?

Hiyo inaamua umbali kati ya kigurudumu cha juu na sproketi. Weka mnyororo kwenye sproketi kubwa ya nyuma na utazame: kwa direla nyingi nafasi ya milimita 5 au 6 inafaa. Vikigusana, utasikia mngurumo ukiwa kwenye gia nyepesi tu, kaza. Nafasi ikiwa kubwa sana, gia zote zinakuwa za uvivu, legeza. Ukibadilisha kaseti (fungu la sproketi za nyuma) ukaweka yenye sproketi kubwa zaidi, usisahau skrubu hii.

Direla ya mbele, ile inayousukuma mnyororo kati ya sproketi za mbele, inanishinda. Kuna siri?

Siri ni kwamba mara nyingi imefungwa vibaya kwenye bomba la fremu, na hakuna skrubu itakayorekebisha hilo. Mambo mawili yawe sawa kwanza. Bati lake la nje liwe sambamba na sproketi ukitazama kutoka juu, na lipite juu ya meno ya sproketi kubwa kwa milimita 1 hadi 3. Weka hayo, ndipo ushike H na L zake: L inaamua umbali wa bati la ndani na mnyororo ukiwa kwenye sproketi ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma, H inaamua la nje ukiwa kwenye kubwa ya mbele na ndogo ya nyuma. Nusu milimita hadi moja inatosha.

Mnyororo ukiangukia ndani, kwenye fremu, kaza L robo robo. Ukirukia nje, kwenye kranki (mkono wa pedeli), kaza H.

Nikiwa sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma inakwaruza. Nirekebishe nini?

Hakuna. Mnyororo umekwenda mshazari kupita kiasi. Kuna gia nyingine yenye uzito unaokaribiana na hiyo ukishuka sproketi moja mbele. Itumie, na mnyororo utaishi zaidi.

## Mnyororo na usafi

Nisafishe kila baada ya muda gani, na kwa nini?

Pitisha kidole kwenye mnyororo. Kikitoka cheusi na chenye chembe zinazokwaruza, ni wakati wake. Baada ya mvua au tope, siku hiyohiyo. Kwa tambara lenye kiyeyusha mafuta, au mafuta ya taa kidogo, shika mnyororo na urudishe pedeli nyuma mizunguko kadhaa. Brashi ya meno ipite kwenye vigurudumu vya direla, ambako uchafu hujenga ukuta mgumu. Ukwangue kwa bisibisi. Katikati ya sproketi pitisha ukingo wa tambara kama unayesafisha meno kwa uzi. Acha kila kitu kikauke kabla ya mafuta. Kama diski za breki ziko karibu, zifunike: tone moja la mafuta juu yake na breki hazishiki.

Mafuta gani, na kiasi gani?

Mafuta ya mnyororo wa baiskeli, tone moja kwenye kila pingili upande wa ndani, zungusha, subiri dakika chache, kisha futa yote ya nje. Hapo ndipo wengi hukosea. Mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia kati ya pini na roli. Yale yanayong'aa nje hukusanya mchanga, na mchanga uliochanganyika na mafuta ni msasa.

Grisi ya beringi haiingii ndani ya pingili. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Oili iliyotoka kwenye injini ina vumbi la chuma. Mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu ni mepesi mno. Yatasafisha, lakini baada ya siku chache mnyororo utalia.

Nitajuaje mnyororo umechakaa?

Pima kwa rula. Kila pingili ya mnyororo mpya ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo pingili 24 ni milimita 304.8. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pingili 24, soma. Kwa baiskeli yenye sproketi 11 au 12 nyuma, badilisha ukifika takriban 306.3. Kwa zenye sproketi 10 kushuka chini, unaweza kusubiri mpaka 307. Ukipita 308, jiandae kubadilisha na sproketi za nyuma. Mnyororo wenyewe hauvutiki kama raba; ni pini na tundu zake zinazolika, kila moja kidogo, na jumla yake ndiyo unayoipima.

Nimeweka mnyororo mpya na sasa unaruka nikikanyaga kwa nguvu. Si ulikuwa uwe bora?

Sproketi zako zimelika kulingana na mnyororo wa zamani. Ule mpya una hatua sahihi, meno hayana, kwa hiyo hupanda juu ya jino na kuteleza. Huruka zaidi kwenye zile sproketi mbili tatu unazozipenda. Hakuna marekebisho ya hili. Badilisha kaseti au fraiwili (fungu la sproketi za nyuma la aina ya kufungwa kwa uzi wa skrubu). Lakini kwanza zungusha pedeli nyuma polepole utazame mnyororo ukipita kwenye vigurudumu vya direla: ukiona pingili moja inaruka juu, ni pingili iliyokaza tu. Ipinde kidogo kushoto na kulia kwa mikono mpaka ilegee.

Mnyororo mpya niukate urefu gani?

Kama wa zamani ulikuwa sahihi, hesabu pingili zake, usiilaze minyororo kando kwa kando; wa zamani umerefuka, utakudanganya. Kama huna wa kuhesabu, zungusha mpya kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye direla, na pale unapokutana ongeza pingili mbili. Mnyororo mfupi ni hatari kuliko mrefu: ukibofya kubwa kwa kubwa unaweza kung'oa direla.

## Waya na maganda

Naweza kutumia ganda la breki kwenye gia, au la gia kwenye breki?

La gia kwenye breki, kamwe. Ganda la breki limejengwa kwa chuma kilichozungushwa kama springi, na hubeba mvuto mkubwa. Ganda la gia lina nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu. Hazibonyei, ndiyo maana gia zinakuwa sahihi, lakini chini ya nguvu ya breki zinaweza kupasua plastiki na kutoka, nawe ukabaki bila breki. Kinyume chake hakiumizi mtu, ila gia hazitatulia. Ganda la gia kwa kawaida ni milimita 4, la breki milimita 5.

Waya mpya niliuweka vizuri, baada ya wiki gia zikaharibika. Waya umevutika?

Ni maganda na kofia zake za mwisho zimekaa vizuri mahali pake, na ule urefu mdogo umepotea. Fungua nati ya vidole robo au nusu mzunguko, imekwisha. Unaweza kuliharakisha hilo siku unapofunga: ukiwa gia nyepesi, shika waya uliopita wazi kwenye fremu na uuvute kwa nguvu kando mara mbili tatu, kisha urekebishe.

Ukikata ganda, likate kwa kikata waya kikali, tundu lake ulifungue upya kwa sindano, na ncha zote zivae kofia. Ncha ya waya nayo ifungwe kofia yake. Ikifumuka, huwezi tena kuupitisha kwenye ganda.

## Hali za pekee

Nataka liva ya gia 8 ifanye kazi na kaseti ya sproketi 9. Itakubali?

Haitakubali. Umbali kutoka sproketi hadi sproketi ni takriban milimita 4.8 kwenye kaseti ya 8, na 4.35 kwenye ya 9. Ukiilinganisha katikati, hatua nne baadaye umekosea karibu milimita 1.8, na hapo mnyororo haujui uko sproketi gani. Liva ya msuguano ndiyo pekee isiyojali.

Gia zangu ziko ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), sina direla. Ukurasa huu unanihusu?

Sehemu ya waya inakuhusu kabisa, kwa sababu gia hizi zikisumbua huwa ni waya. Kila aina ina gia moja ya kurekebishia. Kwenye habu za Shimano Nexus za gia 3, weka gia ya 2 uzungushe nati mpaka alama ya kwenye kidirisha kidogo kando ya ekseli iingie kati ya mistari. Kwenye Nexus za gia 7 na 8, weka gia ya 4 ulinganishe mistari miwili ya rangi kwenye habu. Usiendeshe ikiwa inateleza katikati ya gia. Meno ya ndani hulika haraka, nayo si ya kubadilisha mezani.

Gia za umeme je?

Hazina waya wa kulegea, lakini zina H, L, sikio na mnyororo kama nyingine zote. Marekebisho madogo hufanywa kwa vitufe. Chaji betri kabla ya kutafuta ugonjwa mwingine.

Ni wakati gani niache na nimtafute fundi?

Ukiona ufa kwenye fremu karibu na sikio; uzi wa tundu la direla ukiwa umelika; habu ya gia ikihitaji kufunguliwa ndani; au fraiwili ikigoma kutoka hata kwa kifaa chake. Sikio la kunyoosha pia, kama huna uhakika na uzi wa ekseli yako.

Waya umekatika niko mbali na nyumbani. Nifanyeje?

Springi itaupeleka mnyororo kwenye sproketi ndogo kabisa, gia nzito kuliko zote, na kilima cha kwanza kitakumaliza. Kama una bisibisi, kaza H: inaisukuma direla ndani. Sukuma direla kwa mkono huku ukizungusha pedeli, endelea kukaza, mpaka mnyororo utulie kwenye sproketi ya pili au ya tatu. Skrubu ikiisha urefu kabla ya kufika unapotaka, bana kijiti kati ya mikono miwili ya direla. Ile ncha ya waya iliyokatika iviringishe uifunge kwenye fremu, mbali na spoki. Mbele tumia sproketi ndogo kwenye mlima na kubwa kwenye tambarare, na unapokaza hesabu mizunguko unayoizungusha H, ili ukifika uirudishe idadi hiyohiyo.